Mifongo ya Old Moshi: Mtaji unaopita katikati ya shamba

MGENI anayeshuka basi Moshi mjini kwanza huinua macho kuutafuta mlima. Akiwa na bahati ataiona Kibo asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaifunika. Kesho yake hupanda gari hadi lango la Marangu, Machame au Umbwe, hukaa mlimani siku tano hadi nane, hushuka, huoga na kuondoka. Migomba, kahawa na makanisa ya zamani huviona kupitia dirisha la gari tu.

Fedha nyingi za safari hiyo huishia kwenye ada za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kampuni za utalii, hoteli na mishahara ya wapagazi na waongozaji. Mkulima ambaye gari limepita mbele ya geti lake huambulia vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Hata hivyo, ukanda huo wa vihamba kati ya mji na msitu una jambo ambalo kileleni halipo: historia ya watu, na njia za miguu ambazo wenyeji wamezitunza kwa vizazi vingi bila kujua kwamba iko siku zingekuwa bidhaa.

Old Moshi ni mfano mzuri. Ukitoka mjini kwa barabara ya Himo unafika soko la Kiboriloni, kisha unakata kushoto na kupandisha kwa njia ya Kikarara na Tsuduni hadi Kidia. Ni safari fupi kwa gari, lakini hali ya hewa hubadilika upesi. Joto la mjini hubaki nyuma, na pande zote mbili yanaanza makorongo yenye mito inayoshuka kutoka msituni. Hapa ndipo ilipokuwa Moshi yenyewe. Mji wa leo ulizaliwa baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911 na ofisi za Wajerumani kuhamishiwa bondeni, ukachukua jina na kuuacha mji mama ukiitwa Old Moshi.

Kabla ya reli, kila msafiri mkubwa aliyekuja Kilimanjaro alilazimika kumhesabu mtawala wa hapa. Mmisionari Mwingereza Charles New alifika mwaka 1871 katika himaya ya Mangi Rindi, ambaye wageni walizoea kumwita Mandara. Rindi alikuwa hodari wa biashara na siasa, na misafara ya pwani ilimfahamu vizuri. Alipofariki mwaka 1891, mwanawe Meli alishika nafasi yake akiwa bado kijana.

Juni 1892 jeshi la Meli lilipambana na Wajerumani na kuwashinda, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Wakoloni waliondoka mlimani kwa muda. Mwaka uliofuata walirudi na nguvu kubwa chini ya Gavana von Schele, Meli akashindwa, nao wakajenga boma lao Moshi. Machi 2, 1900 walimnyonga hapo Tsuduni pamoja na wenzake, wakiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Jumla yao walikuwa 19. Ukoo wa Meli unaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na kwa miaka mingi wamekuwa wakikidai.

Madai hayo si hadithi za vijiweni. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu matatu na ndugu walio hai Kilimanjaro. Mojawapo lilikuwa la akida aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo. Kwa hiyo mgeni anayesimama chini ya mti wa Tsuduni hatazami jambo lililokwisha. Anasimama mahali ambapo wajukuu bado wanasubiri kuzika.

Eneo la namna hii halifai kufanywa sehemu ya kupiga picha na kuondoka. Linahitaji mwongozaji anayejua kusimulia, na ambaye ukoo umeridhia asimulie. Kijana aliyekariri sentensi nne za Kiingereza hatoshi.

Kutoka hapo wengi huendelea hadi Kidia, kwenye usharika wa Kilutheri ulioanzishwa na wamisionari wa Leipzig kabla ya karne ya 19 kwisha. Ndiko alikofanya kazi Bruno Gutmann, aliyeandika kwa kina mila za Wachagga, kikiwamo kitabu cha mwaka 1926 kuhusu sheria zao. Kwa msomaji wa historia, Kidia peke yake inatosha kwa nusu siku.

Lakini utajiri wa njia hizi uko chini ya miguu ya mgeni mwenyewe. Sehemu kubwa ya vijia vinavyounganisha kihamba na kihamba, na kihamba na korongo, hufuata kingo za mifongo. Mfongo ni mfereji wa asili. Wazee waliupima kwa macho na kwa maji yenyewe, bila darubini wala ramani. Huanzia juu kabisa kwenye korongo, ambako mto huzibwa kidogo kwa mawe, udongo na magome ya migomba. Kisha maji hutembezwa taratibu ubavuni mwa mlima, yakizidi kuuacha mto uliozama chini, hadi yanatokea juu ya mashamba. Njiani huwa kuna nduwa, bwawa dogo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi.

Mfongo una wenyewe. Kwa desturi ukoo uliouchimba ndio hutoa mzee wa mfongo, anayepanga zamu za maji na kuitisha siku za kuzibua. Asiyefika na jembe lake hutozwa faini au hukosa zamu. Ukingo ukimomonyoka hurekebishwa haraka, kwa sababu maji yakipotea hapo, wa chini wote wamekauka.

Matokeo yake ni kijia kisicho na mwinuko mkali, chenye kivuli na maji yanayotiririka pembeni, ambacho hata mtu wa miaka 70 anaweza kukifuata bila kuhema. Serikali haikukitengea bajeti. Kimejengwa na kutunzwa na wakulima wakitafuta maji ya migomba.

Ndani ya kihamba mgeni hukutana na shamba lenye ghorofa. Juu ipo miti mikubwa na migrivelia, chini yake migomba, chini zaidi kahawa, na ardhini magimbi na mboga. Ng'ombe na mbuzi wako bandani, na samadi yao ndiyo mbolea. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo hicho kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kikiwakilishwa na kijiji cha Shimbwe Juu, Uru. Mipakani kuna masale, na hapo mwongozaji mzuri hupata hadithi ya bure: jani hilo hilo linalotenganisha mashamba ya majirani ndilo analobeba mkosaji anapokwenda kuomba radhi.

Kahawa nayo ina hesabu yake. Mkulima anahitaji kilo tano hadi sita za matunda mekundu kupata kilo moja ya kahawa safi, na bei ya kilo hiyo huamuliwa mbali naye. Wengi hawajasahau anguko la bei la mwanzoni mwa miaka ya 2000, lililowafanya baadhi kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Mgeni anapoketi uani, akatwanga kahawa kwa kinu, akaikaanga kwenye chungu na kuinywa hapo hapo, konzi chache hulipiwa kwa bei ambayo mnada hauwezi kuifikia. Akinunua na robo kilo ya kubeba, faida inakuwa ya mkulima moja kwa moja. Huko Materuni, Uru, biashara hiyo imeshika kasi kwa kuwa kuna maporomoko yenye urefu wa zaidi ya mita 70, na kahawa huandaliwa mgeni akiwa njiani kurudi. Marangu nako maporomoko ya Kinukamori hupokea wageni kwa kiingilio.

Tatizo ni kwamba mwenye uani hulipwa na mwongozaji hulipwa, lakini mwenye mfongo halipwi. Yeye ndiye anayetunza njia, na kazi hiyo inazidi kuwa ngumu. Vijana wamehamia mjini, hivyo siku ya kuzibua hufika wazee na akinamama wachache. Maji ya bomba yamepunguza sababu ya kuamka alfajiri. Vyanzo vingi viko msituni, ambako msitu wa hifadhi uliunganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kwenda kutengeneza banio sasa kunahitaji maelewano na askari. Pia Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka watumiaji wawe na kibali, jambo ambalo ni gumu kumeza kwa ukoo ulioyarithi maji hayo kwa babu.

Mfongo ukiachwa misimu miwili au mitatu, majani hufunga, ukingo huporomoka na kijia hupotea. Waongozaji watapitisha wageni kwenye barabara ya magari, na mgeni hakuvuka bahari kuja kunusa moshi wa bodaboda.

Dawa yake si ngumu. Kila mgeni anayepita atozwe kiasi kidogo kinachojulikana, kiandikwe kwenye daftari la kamati ya mfongo na kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji, kitumike kununua saruji ya sehemu korofi na chakula cha siku ya kuzibua. Kampuni za mjini zinazouza matembezi haya kwa dola hazitafilisika kwa mchango huo. Kinachohitajika ni vijiji kukubaliana kiwango kimoja, maana kijiji kimoja kikitoza na jirani akiacha, magari yatahamia kwa jirani.

Kwa anayetaka kujionea, miezi mizuri ni Januari na Februari, au Julai hadi Oktoba. Anayekuja kwa ajili ya kahawa achague kipindi cha pili, ambacho matunda mekundu huwapo mtini. Machi hadi Mei njia huteleza sana. Avae viatu vyenye meno, aanze safari saa moja asubuhi, na akiwakuta wenyeji ndani ya mfongo na majembe yao asubiri wapishe. Siku hiyo maji yamefungwa juu, nao wana saa chache tu za kumaliza kabla hayajafunguliwa.