Mrimba alilipwa nguo, Marlborough akalipwa hisa

HABARI za kale za Kilwa Kisiwani zinasimulia kuwa kisiwa hicho kilikuwa mali ya Mrimba. Akaja Sultani Ali bin Selimani na jahazi zilizosheheni bidhaa, akatoa zawadi, kisha akamwoa binti wa Mrimba. Baadaye alimwomba mkwewe ahamie bara amwachie kisiwa. Bei ikawa nguo.

Mrimba alipata nguo, mkwe akapata bandari. Dhahabu ya Sofala ilipitia hapo, na Ibn Battuta aliizuru Kilwa mwaka 1331 ikiwa mji wenye neema.

Biashara ya namna hiyo, mali kwa cheo, ilifanyika pia Uingereza. Kuanzia miaka ya 1870, ngano ya Marekani iliyosafirishwa kwa reli na meli za mvuke ilishusha bei ya nafaka. Kodi za mashamba zikaporomoka, na makabaila wakabaki na vyeo na majumba yanayovuja.

Matajiri wa New York walikuwa na fedha, lakini hawakuwa na vyeo. Mwaka 1895 Consuelo Vanderbilt, ambaye ukoo wake ulitajirika kwa reli, aliolewa na Duke wa Marlborough. Bwana harusi alipata hisa za reli zenye thamani ya dola milioni 2.5. Hivyo reli, zilizochangia kuwafilisi makabaila, ndizo zilizolipia ukarabati wa jumba la Blenheim. Consuelo alieleza baadaye kuwa mama yake alimlazimisha. Walitalikiana mwaka 1921.

Kiuchumi, tofauti ni moja. Marlborough alipokea hisa, ambazo hutoa gawio kila mwaka. Mrimba alipokea nguo, ambazo huchakaa.

Mkulima wa korosho au ufuta wa Kilwa na Lindi anapofuatwa na mnunuzi wa ardhi, hata akiwa mkwe, ajiulize analipwa nini: nguo au gawio? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo mume na mke wanaweza kuimiliki pamoja.

Kukodisha kwa mkataba wa maandishi huleta fedha kila msimu. Ukiuza, unalipwa mara moja tu, na wajukuu watabaki na simulizi.