Dalili za ugonjwa wa kujinyima chakula huanza utotoni

Msichana wa shule ya bweni anaporudi nyumbani likizoni akiwa amekonda, wazazi hushuku malaria, taifodi au chakula kibaya cha shule. Ni wachache hushuku kwamba amekuwa akijinyima chakula makusudi.

Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita anoreksia, humfanya mtu aogope kunenepa hata akiwa amebaki mifupa mitupu. Unaokaribiana nao ni bulimia, ambapo mgonjwa hula kupita kiasi kwa siri, kisha hujitapisha au kunywa dawa za kuendesha. Aghalabu magonjwa haya huanza katika ujana. Huwapata wasichana zaidi, lakini wavulana pia hawakusazwa.

Wengi huyaona kuwa maringo ya watoto wa matajiri. Utafiti, hata hivyo, unaonyesha kwamba mwili wenyewe huchangia, na tena mapema.

Katika eneo la Bristol, Uingereza, watafiti waliwasajili wajawazito zaidi ya 14,000 waliotarajiwa kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992, wakawafuatilia watoto wao miaka nenda miaka rudi. Mwaka wa 2019, wataalamu waliochambua rekodi za uzani na kimo walieleza kwamba waliokuja kuugua anoreksia walikuwa wepesi kuliko wenzao tangu utotoni, wavulana tangu wakiwa na miaka 2 na wasichana miaka 4. Waliokuja kuugua bulimia, kwa upande wao, walielekea kuwa wazito kuliko wenzao.

Mwaka uo huo, jarida la Nature Genetics lilichapisha uchunguzi wa jeni za wagonjwa wa anoreksia wapatao 17,000. Ilibainika kwamba baadhi ya mambo ya urithi yanayohusiana na ugonjwa huo yanahusiana pia na umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta. Huenda ndiyo sababu mtu wa kawaida akikonda mwili humshurutisha ale, ilhali mgonjwa huzidi kukonda.

Hata hivyo, uzani wa utotoni si hukumu. Watoto wengi wembamba, na wengi wanene, hawapatwi na maradhi haya. Mazingira nayo yana nguvu. Katika visiwa vya Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa tangu jadi, televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka wa 1995. Wakati huo hakuna msichana wa shule miongoni mwa waliohojiwa aliyesema hujitapisha ili apunguze uzani. Kufikia 1998, asilimia 11 walisema hufanya hivyo.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, kihifadhi kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Mstari wa ukuaji hujazwa hadi miaka 5, kisha wengi hukisahau. Endelea kumpima mtoto angalau kila muhula. La muhimu si kumlinganisha na jirani, bali kuona kama ameuacha mstari wake mwenyewe, ama kwa kushuka ama kwa kupanda ghafla.

Pili, usimwite "kibonge" au "njiti", hata kwa mzaha, wala usimwekee masharti ya kupunguza uzani bila ushauri wa daktari.

Tatu, zijue dalili: kukwepa mlo wa pamoja, kwenda msalani kila baada ya kula, mazoezi ya kupindukia, kizunguzungu, meno kulika na hedhi kukoma.

Ukiziona, mpeleke hospitalini mapema. Aliyekonda sana asishindiliwe chakula kingi kwa ghafla, kwani madini ya damu yaweza kushuka na moyo ukasimama.

Matibabu yapo. Njia moja, iliyobuniwa katika hospitali ya Maudsley jijini London, huwapa wazazi jukumu la kusimamia kila mlo nyumbani, wakisaidiwa na wataalamu, hadi kijana apate nguvu za kujisimamia. Kadiri inavyoanzishwa mapema, ndivyo matumaini ya kupona yanavyokuwa makubwa.