Sahihi, Usajili na Mlipaji: Mkataba wa Pamoja wa Madaktari nchini Kenya

Mkataba wa pamoja kati ya Serikali ya Kenya na chama cha madaktari, KMPDU, ulitiwa sahihi mnamo Juni 2013. Tarehe 5 Desemba 2016, madaktari wa hospitali za umma waligoma wakidai mkataba huo huo utekelezwe. Mgomo ulidumu siku 100, na waliobeba mzigo wake ni wagonjwa wasiomudu gharama za hospitali za kibinafsi. Makala haya yanaeleza kwa nini mkataba ulishindwa kuzuia mgogoro wa aina ile ile uliokusudiwa kuuepusha.

Kisheria, msingi wa majadiliano ya pamoja nchini Kenya ni imara. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinavipa vyama vya wafanyakazi na waajiri haki ya kujadiliana, na kinampa mfanyakazi haki ya kugoma. Hata hivyo, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaweka sharti: mkataba hupata nguvu ya kutekelezwa pale tu unaposajiliwa na mahakama ya masuala ya ajira. Mwajiri hupewa siku 14 kuuwasilisha. Asipofanya hivyo, chama chenyewe chaweza kuuwasilisha. Mkataba wa 2013 haukuwa umesajiliwa, na upande wa serikali uliishikilia hoja hiyo kukana wajibu wake.

Kikwazo cha pili kilihusu utambulisho wa mwajiri. Katiba ilikabidhi kaunti 47 sehemu kubwa ya huduma za afya, na uhamisho wa majukumu ukarasimishwa Agosti 2013, takriban miezi miwili baada ya sahihi kutiwa. Hivyo, aliyeahidi hakuwa tena mlipaji pekee. Isitoshe, Tume ya Mishahara na Marupurupu ina jukumu la kikatiba la kuzishauri serikali za ngazi zote mbili kuhusu malipo ya watumishi wa umma.

Mnamo Februari 2017, viongozi saba wa chama walifungwa kwa kukaidi amri ya mahakama. Kifungo hicho hakikujibu swali la msingi: nani alipe, na kutoka bajeti ipi? Mapatano ya Machi 2017 yaliwarejesha madaktari kazini, na mkataba mpya ukafuata mwaka huo huo. Lakini mnamo Machi 2024 waligoma tena, kwa siku 56, wakidai pamoja na mengine utekelezaji wa mkataba wa 2017 na haki za madaktari wanagenzi.

Huenda ikapendekezwa kwamba kila kaunti ijadiliane peke yake. Utaratibu huo ungezaa viwango 47 vya malipo, na kaunti zenye uwezo mdogo zingepoteza madaktari wao. Linalofaa zaidi ni majadiliano ya meza moja ambapo wizara, kaunti na hazina huwakilishwa kabla ya sahihi. Ushauri wa Tume kupatikana mapema. Gharama kuingizwa katika makadirio ya mwaka wa fedha. Na chama kutumia haki yake ya kuwasilisha mkataba mwajiri anaponyamaza. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na mdaiwa anayejulikana halilipiki.