Siku Tano za Hatari Baada ya Kiharusi

Waongoza watalii wa Arusha wanaujua ubongo uliovimba, hata wale ambao hawajasomea udaktari. Mpandaji aliye juu kwenye Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, akianza kupepesuka, kuchanganya maneno na kushindwa kufunga kamba za viatu vyake, hawasubiri kukuche. Humteremsha usiku huohuo, na akiwapo mwenye dawa humpa deksamethasoni, ambayo husaidia sana uvimbe unaoletwa na uhaba wa oksijeni mlimani.

Chini mjini, ubongo huvimba kwa sababu nyingine, na dawa hiyohiyo haifui dafu. Kwa mgonjwa wa kiharusi cha mshipa ulioziba, deksamethasoni haipunguzi vifo, na inaweza kumpandisha sukari na kumwongezea maambukizi.

Sababu ni hii. Mshipa wa damu ukiziba, seli za ubongo zinakosa nguvu ya kutoa chumvi nje, chumvi inavuta maji, na seli zinavimba. Baadaye kuta za mishipa midogo nazo huanza kuvuja. Fuvu la mtu mzima halitanuki, kwa hiyo sehemu iliyovimba husukuma upande wa pili, kisha hugandamiza shina la ubongo linaloongoza upumuaji. Kwa kawaida uvimbe hufikia kilele kati ya siku ya 2 na ya 5. Ndiyo maana mgonjwa aliyeingia hospitalini akiongea anaweza kuzimika siku ya tatu, wakati ndugu wameshaanza kushukuru.

Ugonjwa huu si wa mbali. Wilaya ya Hai, jirani kabisa na Arusha, ilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa wa kiharusi uliofanyika pia Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010. Kwa miaka 3 watafiti waliorodhesha wagonjwa wapya 453 Hai na 183 katika eneo la Dar es Salaam walilolifuatilia, eneo ambalo lilikuwa na watu wachache kuliko Hai.

Kipimo cha CT scan huonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka, na kikirudiwa huonyesha uvimbe ulipofikia. Lakini mashine haikai kando ya kitanda. Anayekaa ni nesi. Kila baada ya saa chache anamwita mgonjwa kwa jina, anamwambia ainue mkono, anamulika macho kwa tochi aone kama mboni zote mbili zinasinyaa sawa. Majibu anayapa alama kwa kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15. Aliyekuwa na 14 asubuhi akashuka hadi 11 jioni amepiga kengele ya hatari, hata kama presha yake ni nzuri.

Matibabu huanza na mambo madogo: kichwa kuinuliwa kiasi cha nyuzi 30, shingo kunyooshwa, homa kushushwa, sukari kudhibitiwa, na dripu ya glukosi kuepukwa kwa sababu maji yake huongeza uvimbe. Hali ikizidi kuwa mbaya huwekwa manitoli, inayovuta maji kutoka kwenye ubongo. Katika baridi ya Julai chini ya Mlima Meru chupa ya manitoli inaweza kuota fuwele kama chembe za chumvi; lazima ipashwe moto ziyeyuke zote, kisha ipoe, ndipo itundikwe. Hata hivyo, manitoli hununua saa tu.

Kwa uvimbe mkubwa kabisa, tiba yenye ushahidi ni kuondoa kipande cha fuvu ili ubongo upate nafasi. Tafiti tatu za Ulaya zilizojumlishwa mwaka 2007, za wagonjwa wasiozidi miaka 60, zilionyesha kwamba kati ya waliopasuliwa ndani ya saa 48, asilimia 78 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 29 ya wasiopasuliwa. Wengi walionusurika walibaki na ulemavu, jambo ambalo familia inapaswa kuelezwa kabla ya kuamua. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), kituo kikuu cha upasuaji wa ubongo nchini, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha. Mazungumzo ya rufaa yanatakiwa kuanza siku ya kwanza, mgonjwa akiwa bado anaitika.

Kwa hiyo, wewe unayemuuguza mzazi au ndugu wodini, usimpe uji wala mtori mpaka nesi apime kama anameza vizuri. Akianza kusinzia kuliko jana, akitapika, akilalamika kichwa kimezidi, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, usiseme, “Amechoka, mwache apumzike.” Mwite nesi papo hapo, hata ikiwa ni saa nane za usiku.