Ndege za Mizigo Zilizovunja Rekodi kwa Ajili ya Manowari

Historia ya vita vya baharini imejaa majina ya manowari na makamanda wao. Marubani waliowapelekea vipuri, dawa na barua hutajwa kwa nadra, ilhali mambo waliyoyafanya ni makubwa.

Chukua vita vya Falklands vya mwaka 1982. Kisiwa cha Ascension, ambako ndege za Uingereza zilikuwa zikiondokea, kiko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka uwanja wa mapambano. Ndege ya mizigo, Hercules, isingeweza kwenda na kurudi bila kujazwa mafuta angani, na hapo ndipo penye kibarua. Ndege ya mafuta, Victor, ni ya jeti. Ikipunguza mwendo kupita kiasi, inaanguka. Hercules nayo, hata injini zake nne zikivuta kwa nguvu zote, haiifikii. Basi zote mbili zilielekeza pua chini, zikashuka pamoja ili Hercules ipate kasi ya mteremko, mafuta yakipita kwenye bomba huku bahari ikizidi kusogea. Mei 16, rubani Harry Burgoyne aliifikia manowari Antelope, mizigo ikadondoshwa baharini kwa miavuli. Alikaa hewani saa 24 na dakika 5. Baadaye wenzake walifikisha saa 28 na dakika 4, bila kutua popote!

Kwa ukubwa, hakuna ndege ya kuelea majini iliyotumika vitani kuishinda Mars ya Marekani. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 61, na mwaka 1944 ilikuwa ikisafirisha shehena kati ya California na Hawaii.

Ndege nzito kuliko zote kutua kwenye meli ya kubeba ndege ni Hercules pia. Mwaka 1963, rubani James Flatley aliitua kwenye sitaha ya meli ya Forrestal mara 21, bila ndoano ya kuinasa, ncha ya bawa ikipita chini ya mita 5 kutoka mnara wa meli. Ikiwa na uzito wa tani 38 hivi, ilisimama ndani ya mita 81.

Jeshi la majini la Marekani halikuufanya huo kuwa utaratibu wa kila siku. Kazi ya kupeleka mizigo melini likaipa C-2 Greyhound, ndege ndogo inayokunja mabawa, nami naona lilifanya vyema: Hercules ilihitaji sitaha nzima iachwe wazi, na ndege za kivita zingekosa pa kurukia.