Sita kwa Sita Ndani ya Kumi kwa Kumi

Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, hupanga vitanda nje ya karakana zao, na kinachomsimamisha mpita njia mara nyingi ni kile cha 6 kwa 6: ubao wa kichwani umechongwa maua, vijidroo viwili pembeni, vanishi inang'aa. Pale barabarani kinaonekana cha kawaida tu. Kasheshe huanza kinapofikishwa kwenye chumba cha kupanga chenye futi 10 kila upande, mlango unapogoma kufunguka hadi mwisho na kabati la nguo likaishia sebuleni.

Hesabu yake ni nyepesi. Kipimo cha 6 kwa 6 ni cha godoro. Fremu huongeza kama nusu futi, kwa hiyo kitanda kinakula futi 6 na nusu za upana. Kabati linalofaa lina kina cha futi 2, kwa sababu shati au koti likiwa kwenye henga huchukua zaidi ya sentimita 50 na mlango unatakiwa ufunge bila kubana mikono ya nguo. Kitanda kikikaa ukuta huu na kabati ukuta wa pili, katikati inabaki futi 1 na nusu, sawa na sentimita 45. Hapo mtu anapita kiubavu, na mlango wa kabati unagota kwenye kitanda kabla haujafunguka vizuri. Kitanda kikiwa cha 5 kwa 6, njia inapanuka hadi sentimita 76, na aliyesimama hapo anaweza kuinama akavuta droo ya chini.

Kwa wanandoa wengi wa mjini, basi, 5 kwa 6 ndicho kitanda chenye akili. Ni kweli kwamba anayelala upande wa ukutani atamruka mwenzake kila akitaka kwenda msalani usiku. Hilo wakubaliane wenyewe. Miguu ya kitanda ikipewa sentimita 30 badala ya 15, uvungu unapokea masanduku na mablanketi ya msimu wa baridi, na ufagio unapita.

Chumba chembamba si jambo la leo: kisiwani Lamu, mwenye kuamua upana wa chumba alikuwa mti. Dari za nyumba za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa kwa kawaida boriti hizo hazikuweza kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, vyumba vilijengwa vyembamba na virefu. Wenyeji hawakuvijaza meza. Ukutani kulitengenezwa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo ndimo vilimokaa vyombo vya kauri na vitu vya thamani huku sakafu ikibaki huru. Anayepanga chumba kidogo Tandika au Kawangware anaweza kuiga jambo hilo moja kwa gharama ndogo: rafu mbili zilizopigiliwa ukutani kando ya kitanda zinafanya kazi yote ya vimeza vya pembeni, taa na simu vikiwa juu yake.

Mbao nazo zina maneno. Mninga hupendwa kwa sababu haujipindi sana ukikauka na mchwa hauuwezi kirahisi. Bei yake inajulikana. Msonobari unafaa pia, mradi uwe umekaushwa na kutiwa dawa, maana mbao mbichi hupasuka na kulegeza maungio ndani ya miezi michache, na kuanzia hapo kitanda kinalia kila mtu akigeuka. Mnunuzi makini huinua godoro na kukagua chaga. Zikiachana zaidi ya inchi 3, sponji huzama katikati yake, na godoro jipya linaanza kubonyea kabla ya wakati wake.

Godoro lenyewe huuzwa kwa inchi, 6, 8 au 10, kana kwamba unene ndio ubora. Sivyo. Kinachobeba mgongo ni uzito wa sponji kwa ujazo wake. Sponji hafifu ina kilo 20 hivi kwa mita moja ya ujazo, nzito ina 32 au zaidi. Godoro la 5 kwa 6 lenye inchi 8 lina mita za ujazo 0.57, kwa hiyo la kwanza litakuwa na kilo 11 na la pili kilo 18, bila kuhesabu kitambaa. Muuzaji anayesifia godoro lake aombwe mizani.

Halafu kuna joto. Mwili hushusha halijoto yake ya ndani ili usingizi ushike, na usiku wa Februari mjini Dar es Salaam, hewa ikiwa karibu nyuzi 25 na unyevu mwingi, jasho halikauki. Bati lisilo na dari chini yake hushusha joto chumbani mchana kutwa, na kuta hulitunza hata jua likishazama. Silingi bodi, kwa hiyo, inatangulia mapazia ya bei mbaya. Kitanda kikae pale upepo unapopita kati ya dirisha na mlango, kisiwe kwenye kona iliyokufa. Pangaboi lining'inie angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, na chandarua kifungwe chini yake kwa umbali wa kutosha. Neti ya mstatili iliyofungwa kwenye nguzo nne ni bora kuliko ya duara, kwa kuwa haimgusi aliyelala. Mbu hung'ata hata kupitia kitambaa kilichogusana na ngozi. Neti zenye dawa ya muda mrefu zimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3, lakini zianikwe kivulini, kwani jua huipunguza nguvu dawa.

Taa ni jambo dogo lenye madhara makubwa. Balbu nyeupe kabisa, iliyoandikwa 6500K kwenye boksi, hufaa jikoni na dukani. Chumbani iwekwe ya 2700K, yenye mwanga wa manjano, usiouzuia ubongo kujiandaa kulala kama ule mweupe uzuiavyo.

Kabla ya kumpa fundi kianzio, chukua futikamba na chaki, chora kitanda na kabati sakafuni kwa vipimo kamili, kisha fungua mlango, fungua dirisha, upite katikati. Na umsisitize akifunge kitanda kwa bolti badala ya misumari na gundi peke yake: wapangaji huhama, na ngazi nyingi za maghorofa hazipitishi kitanda kizima.