Siku Moja ya Utulivu Miguuni pa Kilimanjaro

Leo tumekusudia kueleza namna ya kumtembeza mtu mzima kwa siku moja katika mji wa Moshi na katika miteremko ya Kilimanjaro, hata jioni alale akiwa amefurahi, wala asiwe mgonjwa. Labda mmoja wenu atauliza, "Je, kutembeza mgeni nako kwahitaji kufundishwa?" Jibu letu ni ndiyo, nasi tutaonyesha sababu yake.

Katika pwani za Italia meli kubwa za abiria hutia nanga asubuhi kwenye bandari kama Napoli na Livorno, na abiria, ambao wengi wao ni watu wa umri mkubwa, hushuka kwa siku moja tu. Wako wanaokimbizwa kutoka mahali hata mahali, nao hurudi melini miguu imevimba, wasikumbuke waliloliona. Wako na wengine wanaochagua njia moja, jengo moja la kale, na mahali pamoja penye kivuli pa kuketi na kunywa kahawa. Hao wa pili ndio wanaorudi na habari za kusimulia. Moshi haina bahari, lakini jambo ni lile lile: mgeni ana siku moja, nguvu zake zina kipimo, na mlima ni mkubwa.

Na tuchukue mfano. Tuseme yuko mzee wa Tanga aliyepita miaka sabini, amekuja pamoja na mkewe kumtazama binti yao aliyeolewa Marangu. Mzee huyu alikuwa mtoto wa shule mwezi wa Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, na mwalimu akawaambia kwamba Luteni Alexander Nyirenda amesimamisha bendera na mwenge juu ya kilele cha Kibo. Tangu siku ile ametamani kuuona mlima huo kwa macho yake mwenyewe. Mkwewe, kwa mapenzi mema, ameandika mahali saba pa kumpeleka kwa siku moja.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee mwenye adabu hatasema kwamba amechoka. Ataona aibu mbele ya mkwe, tena ataogopa kuharibu furaha ya wajukuu. Ukimwuliza, "Baba, tuendelee?" atajibu, "Twendeni tu, wanangu." Basi usingoje akuambie. Kazi ya mwenyeji ni kuipanga siku hata mzee asilazimike kabisa kukiri uchovu wake. Hilo ndilo neno letu kubwa la leo, na yote yafuatayo ni maelezo yake.

Kwanza, siku ya kufika isihesabiwe kuwa siku ya matembezi. Mtu aliyeketi ndani ya basi kutwa nzima damu yake imetulia miguuni, na viungo vyake vimekakamaa. Njiani yafaa ashuke kila basi linaposimama, anyooshe miguu hatua chache. Akifika, apewe maji ya kuoga, chakula chepesi na kitanda. Dawa zake, kama anazo za presha au za sukari, zikae katika mfuko wa mkononi, wala zisifungwe ndani ya sanduku kubwa lililopakiwa chini ya basi, maana siku sanduku litakapochelewa ndiyo siku atakayozihitaji.

Pili, mlima uonwe alfajiri. Watu wengi huja Moshi, wakakaa siku mbili, wakaondoka wakisema kwamba Kibo hakionekani. Si kweli, walichelewa kuamka. Usiku hewa ya mlimani hupoa na mawingu aghalabu hutawanyika. Jua likisha kupanda, hewa ya chini hupata joto, huinuka kwenye miteremko ikichukua unyevu, nao hugeuka kuwa mawingu yanayoufunika mlima mchana kutwa. Kwa hiyo mzee na aamshwe saa kumi na mbili asubuhi, apewe kiti uani, blanketi mabegani na kikombe cha chai mkononi. Hapo ataona Kibo kikimeta upande mmoja na Mawenzi yenye meno upande wa pili, naye hajatembea hata hatua ishirini. Msafiri akiweza kuchagua majira, asije wakati wa masika, Machi hata Mei, maana mvua huficha mlima na kutelezesha njia.

Na wajukuu wamwambie mzee jambo wanalojifunza shuleni. Johannes Rebmann alipoiona theluji hii mwaka 1848 na kupeleka habari Ulaya, wako wataalamu waliomcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Leo hakuna anayecheka, lakini barafu yenyewe inapungua. Ikilinganishwa na ile iliyopimwa mwaka 1912, zaidi ya sehemu nane katika kumi zimekwisha kutoweka. Kwa hiyo mzee aketipo pale kutazama, anatazama kitu ambacho huenda vitukuu vyake wasikikute.

Tatu, mjini pachaguliwe mahali pamoja tu. Kwa mzee wetu tungechagua stesheni ya reli. Kwa nini? Kwa sababu reli hiyo ilianzia kwao. Wadachi walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, nayo ilifika Moshi mwaka 1911, miaka kumi na minane baadaye. Mzee wa Tanga akiketi penye kivuli karibu na stesheni hatakuwa mgeni wa kuelezwa kila kitu. Yeye mwenyewe atakuwa mwalimu, naye atawasimulia wajukuu mambo ya upande wa pili wa reli. Mtu mzima hufurahi zaidi anapopata nafasi ya kutoa kuliko anapopokea tu. Akitaka kupita sokoni, apite mapema, kabla ya jua kali na kabla ya msongamano.

Nne, kutoka mjini hata Marangu ni kilometa kama arobaini kwa njia ya Himo, na barabara hupanda kidogo kidogo. Moshi iko mita mia nane na zaidi juu ya bahari, na lango la hifadhi ya mlima huko Marangu liko karibu mita 1,900. Kila unapopanda mita elfu moja joto hupungua kama digrii sita. Basi mtu aliyevaa shati jepesi mjini atatetemeka kule juu. Achukue sweta hata kama jua linawaka. Tena mtu wa pwani ataona pumzi zake zimekuwa fupi kidogo. Hilo si ugonjwa, bali hewa imekuwa nyepesi. Aende polepole, na anayemwongoza afuate mwendo wa mzee, asimtangulie hatua kumi halafu akasimama kumngoja. Kungojwa nako ni kuambiwa, "Wewe umechoka."

Tano, sehemu kubwa ya siku iwe kihambani. Hapa ndipo wenyeji wa mlimani wanapojidharau bure. Hudhani mgeni hutaka maajabu ya mbali, kumbe shamba lao lenyewe ni ajabu, na laweza kutazamwa kwa kuketi. Migomba hutia kivuli juu ya mikahawa. Chini yake viko viazi na majani ya ng'ombe. Ng'ombe hulishwa zizini, na samadi yake hurudi kwenye migomba. Maji huja kwa mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani kutoka mto wa juu, nayo hugawanywa kwa zamu. Mipakani hupandwa masale, mmea ambao Mchagga huupeleka pia anapokwenda kuomba msamaha. Mzee akielezwa jani hilo, tena akiwekewa mkononi, atalikumbuka kuliko picha mia.

Kisha atazame kahawa. Matunda mekundu huchumwa, humenywa, mbegu huvundikwa, huoshwa, huanikwa juani; halafu hutwangwa, hukaangwa, husagwa na kupikwa. Kwa kuwa kazi ya kuanika yahitaji siku nyingi, mwenyeji aweke akiba ya kila hatua, apate kuonyesha yote kwa saa moja. Mzee apewe kiti chenye egemeo, si kigoda kifupi, maana kuinuka kutoka chini ndiko kunakowashinda wengi. Na aelezwe kwamba zao hili ndilo lililowafanya wakulima wa mlimani waungane katika chama mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaanzishwa muungano wao mkuu, KNCU, ili wauze kahawa yao kwa sauti moja. Akisha kunywa kikombe, atajua anakunywa nini.

Sita, chakula na mapumziko. Hapana chakula kimfaacho mtu mwenye meno machache kuliko mtori, ndizi zilizopondwa pamoja na nyama mpaka zikawa laini. Wapishi wa Marangu hawahitaji kujifunza chakula cha wageni. Walakini adabu itangulie: mgeni akiwa Mwislamu, nyama iwe ya halali, mbege isiletwe mbele yake, na kabla ya adhuhuri aonyeshwe penye maji ya kutawadha na mahali safi pa kusalia. Hata mgeni anywaye pombe, kama anatumia dawa, asishurutishwe kwa ajili ya heshima. Maji, lakini, na apewe mara kwa mara bila kuulizwa, kwa kuwa mtu akizeeka kiu chake hupungua ingawa mwili wake unahitaji maji vile vile. Wako wazee wanaojinyima maji safarini kwa kuogopa kutafuta choo. Basi mwenyeji aseme tangu mwanzo, kwa sauti ya kawaida, "Choo kiko pale, baba," na shida hiyo imekwisha. Baada ya chakula mzee alale saa moja. Watoto wapelekwe kucheza mbali kidogo.

Saba, alasiri iwe na jambo dogo moja, tena liwe la hiari. Wengi hupenda maporomoko ya maji, kama yale ya Kinukamori, ambayo si mbali na Marangu Mtoni. Hapa tuonye. Maporomoko huwa bondeni, na msafiri huanza kwa kushuka. Kijana hufikiri kwamba kushuka ni kwepesi, lakini kwa magoti ya mzee kushuka ni kugumu kuliko kupanda, na ngazi zenye umande huteleza. Mzee aweza kuyatazama maji kutoka juu, akisikia ngurumo yake, huku vijana wakishuka. Apewe fimbo, na mtu mmoja abaki naye kwa mazungumzo. Asiachwe peke yake kama mzigo uliowekwa kando ya njia.

Mwisho liko swali ambalo huulizwa sana: je, mzee apande mlima? Tujibu kwa haki. Mwaka 2019 mama mmoja wa Marekani, Anne Lorimor, alifika kileleni akiwa na umri wa miaka 89. Kwa hiyo uzee peke yake si kizuizi. Lakini hiyo ni safari ya siku kadhaa, yahitaji mazoezi na ushauri wa daktari, wala haiingii katika siku moja ya matembezi. Kilele kiko mita 5,895, na huko hewa anayovuta mtu ni kama nusu tu ya ile ya pwani. Maradhi ya mlimani, yaani kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuishiwa pumzi, kwa kawaida huanza mtu apitapo mita 2,500. Lango la Marangu liko chini ya kipimo hicho. Mzee wetu aweza kufika pale kwa motokaa, akasimama penye miti mirefu ya msitu, akagusa udongo wa mlima, akarudi. Na kama atasikia moyo kwenda mbio au kifua kumbana, asiambiwe avumilie. Ashushwe mara moja na kupelekwa hospitali.

Sasa na tumtazame mkwe yule mwenye mahali saba. Akikubali shauri letu, atafuta manne, na matatu yatabaki: mlima wa alfajiri, stesheni na kihamba. Maporomoko yatakuwa ziada. Jioni, saa kumi na mbili, mawingu mara nyingi hufunguka tena kwa muda mfupi, na barafu ya Kibo hugeuka rangi ya waridi. Mzee na aketi tena kwenye kiti kile cha asubuhi. Mtoto wa shule wa mwaka 1961 aliambiwa juu ya mwenge ule na hakuuona. Mzee wa leo anaona mahali uliposimama. Hakuna aliyemharakisha, wala hakulazimika kumwomba mtu ruhusa ya kupumzika.

Basi ninyi vijana mtakaopokea wazazi wenu au wageni wazee, likumbukeni neno hili: mgeni mzima haonyeshwi mengi, huonyeshwa vema. Nanyi wazee mnaosikiliza, msijinyime safari kwa kuwa hamwezi tena kupanda. Mlima huonekana vizuri hata kwa mtu aliyeketi. Kwaherini.